Duka kubwa la vitu vya watoto halikuuawa na mtandao peke yake: tuzungumzie Toys "R" Us

Mpingo Mkavu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa habari ya maduka makubwa ya vitu vya kuchezea watoto kufungwa huko Marekani, jibu linalotoka ni moja: Amazon imewamaliza. Nimelisikia kwenye vikao vya harusi hapa New Jersey, nimelisikia kwa madereva wenzangu, na humu jukwaani nimelisoma zaidi ya mara moja. Leo naomba tulikague. Lina ukweli ndani yake, lakini linawafunika watu waliochangia msiba ule kuliko mtandao wenyewe. Uzi ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Kwa wasiolijua, Toys "R" Us ni kazi ya Charles Lazarus, kijana wa Washington aliyekuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948, kwenye jengo ambalo baba yake alikuwa akitengenezea baiskeli, alifungua duka la vitanda na fanicha za watoto wachanga. Aliona wenzake wote waliotoka vitani wanaoa na kuzaa. Wazazi wakaanza kumuuliza kama ana vitu vya kuchezea pia. Akaviweka, na hapo akaliona jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angeliona mapema: kitanda mama hununua mara moja, akamlaza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mdoli ukivunjika, mama anarudi dukani.

Mwaka 1957 akafungua duka la vitu vya kuchezea vitupu huko Rockville, Maryland, akalipanga kama supamaketi. Toroli mlangoni, rafu zimepanda mpaka juu, mteja anajichukulia mwenyewe. Kabla ya hapo vitu hivi vilikuwa biashara ya msimu wa Krismasi. Yeye akavitandaza Januari mpaka Desemba. Mwaka 1966 aliuza kampuni, wanunuzi wakafilisika mwaka 1974, yeye akabaki kuinyanyua, na mwaka 1978 ikaibuka upya ikiwa na jina la Toys "R" Us kama kampuni nzima. Mwaka 1984 wakaingia Kanada na Singapore. Mwaka 1991 Japani, tena baada ya serikali ya Marekani kuibana Japani ilegeze sheria iliyokuwa inawakinga wenye maduka madogo. Januari 1992 Rais George H. W. Bush alikwenda mwenyewe kwenye duka lao la Kashihara. Rais wa nchi anasafiri mpaka duka la midoli! Hapo mtapima uzito wa kampuni hii.

Niwaoneshe kitu kimoja kwa karibu, maana wengi hamkukiona. Upande wa michezo ya video hukukuta mchezo wenyewe kwenye rafu. Ukutani zilipangwa picha za maboksi, kila picha ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, na chini yake kijimfuko chenye vikaratasi vidogo vyenye bei. Mtoto anachomoa kikaratasi kimoja, anakishika mpaka kwa keshia, mzazi analipa, kisha mnakwenda kwenye dirisha la chumba kilichozungushiwa vioo na wavu, mfanyakazi anauleta mchezo kutoka ndani. Kijimfuko kikiwa kitupu, ujue mchezo umeisha. Waliokulia Marekani miaka ya themanini na tisini wanakumbuka kile kikaratasi kuliko hata mchezo walioununua. Kubofya simu hakukupi ule mwendo wa kutoka ukutani mpaka dirishani.

Sasa kuanguka. Mwaka 1998 Walmart iliipita Toys "R" Us na kuwa muuzaji namba moja wa vitu vya kuchezea Marekani. Uangalieni vizuri huo mwaka. Amazon wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye kuuza vitabu. Walmart ilikuwa na silaha ya kikatili: inaweza kuuza mdoli kwa bei ya hasara wiki za Krismasi, kwa sababu mzazi yuleyule ataondoka na mchele, sabuni na nepi. Duka la vitu vya kuchezea halina mchele wa kufidia. Na mauzo yake makubwa ya mwaka yanaangukia miezi miwili ya mwisho. Ukimharibia Novemba na Desemba, umemharibia mwaka.

Halafu ndipo mtandao. Nitarudi kueleza, pamoja na lile deni. Karibuni.

Mzee Kontena

Mkuu, mada nzuri sana, na mimi ni mhusika, nauza vitu vya watoto kwa jumla hapa mjini. Lakini naomba nitofautiane nawe mapema. Mtandao umetuumiza. Mteja anaingia dukani, mwanawe anakibonyeza kigari mpaka betri inalegea, mama anapiga picha boksi, anatoka. Jioni anaagiza kwa mtu wa Instagram ambaye hana fremu, halipi kodi ya pango, mzigo uko chumbani kwake na bodaboda anaupeleka. Mimi nimekuwa ukumbi wa maonyesho wa bure. Usinambie huo si mtandao.

Mpingo Mkavu (mleta mada)

Mzee wangu shikamoo, na pole kwa hayo. Sikatai hata neno moja. Ninachosema ni kwamba duka lenye mtaji, maghala na jina kama lile lilikuwa na uwezo wa kupigana vita hiyo, na likanyimwa. Ngoja nieleze sasa.

Krismasi ya 1999 Toys "R" Us walifungua milango ya tovuti yao, wakapokea oda nyingi kuliko walizoweza kuzipeleka. Watoto wengine waliamka sikukuu bila zawadi zilizokwisha kulipiwa. Mwaka uliofuata mamlaka ya biashara ya Marekani iliwatoza faini, wao na wauzaji wengine wa mtandaoni, kwa kuahidi tarehe wasizoweza kuzitimiza. Wakatishika. Mwaka 2000 wakasaini mkataba wa miaka kumi na Amazon: mtu akiiandika anwani ya Toys "R" Us anapelekwa Amazon, na Toys "R" Us wanailipa Amazon dola milioni 50 kwa mwaka na asilimia ya mauzo juu yake, ili wao wawe wauzaji pekee wa vitu vya kuchezea humo.

Kwa hiyo katika miaka ambayo watu wa Marekani walikuwa wanajifunza kununua mtandaoni, kampuni hii iliwafundisha wateja wake wenyewe kwenda Amazon. Na ililipia. Amazon ikaruhusu wauzaji wengine waingize vitu vilevile, Toys "R" Us wakashtaki mwaka 2004, jaji wa New Jersey akauvunja mkataba mwaka 2006, na mwaka 2009 Amazon ikalipa dola milioni 51 kuumaliza mgogoro. Fedha hizo ni kidogo mno ukilinganisha na miaka iliyopotea. Mteja alikwishazoea njia.

Binti Makunduchi

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Hilo la Amazon sikuwahi kulijua. Sasa hilo deni unalolisema ni lipi? Kampuni kubwa zote si zina madeni?

Mpingo Mkavu (mleta mada)

Dada, zina madeni, ila hili ni la aina nyingine, na ndiyo sehemu inayoniumiza.

Mwaka 2005 Toys "R" Us ilinunuliwa na watu watatu: KKR na Bain Capital, ambao kazi yao ni kununua makampuni, na Vornado, wenye biashara ya majengo. Bei ilikuwa dola bilioni 6.6. Mifukoni mwao walitoa sehemu ndogo, zaidi kidogo ya bilioni moja. Iliyobaki, zaidi ya bilioni 5, ilikopwa. Na mkopo huo haukuandikwa kwa majina yao. Ulibebeshwa kampuni yenyewe, ndiyo iulipe kutoka kwenye mauzo ya midoli na baiskeli. Ni kama mtu akununue, kisha wewe ndiye uwe unalipa fedha alizokopa kukununua.

Riba peke yake ilikuwa inakaribia dola milioni 400 kwa mwaka, na mwishoni ikavuka hapo. Mwaka wa mwisho kamili kabla ya kufilisika, biashara ilipata faida ya uendeshaji, yaani kabla ya kulipa riba na kodi, ya karibu milioni 460, na riba ikala zaidi ya milioni 450. Tafakari hapo, dada. Wauzaji dukani walifanya kazi yao na faida ikapatikana. Kisha ikaenda yote kwa wakopeshaji. Fedha ya kupaka rangi maduka yaliyochakaa, ya kutengeneza tovuti ya maana, ya kuongeza wafanyakazi wa kumhudumia mzazi anayehangaika kwenye rafu, ilitoka wapi? Haikutoka. Mwenye kuingia maduka yale miaka ya mwisho aliona taa zimekufa nusu na keshia mmoja kwa foleni nzima, akasema "hawa wamezubaa, mtandao utawamaliza". Hawakuzubaa. Walikuwa wamefungwa mikono.

Desemba 2015 wakalifunga duka la Times Square, New York, lililofunguliwa mwaka 2001, lile lenye gurudumu la kupanda watoto la urefu wa futi 60 ndani ya jengo. Mwaka huohuo wakalifunga na duka maarufu la vitu vya kuchezea la FAO Schwarz la Fifth Avenue, walilolinunua mwaka 2009, jina lililokuwepo tangu 1862. Septemba 2017 wakaomba kinga ya kufilisika huko Virginia, yaani mahakama iwazuie wadai wakati wanajipanga upya. Wauzaji wa jumla waliposikia, wakataka fedha taslimu kabla ya kushusha mzigo, na hapo ilikuwa imebaki miezi michache kabla ya Krismasi. Krismasi ikaenda vibaya. Machi 2018 wakatangaza kufunga maduka yote ya Marekani, zaidi ya 700. Wiki moja baadaye Charles Lazarus akafariki, akiwa na miaka 94. Mwisho wa Juni 2018 milango ya mwisho ikafungwa.

Nyota ya Leicester

Mleta mada, nipo Uingereza, naongezea ya huku. Toys "R" Us ilikuja huku mwaka 1985, ikajenga maghala makubwa nje ya miji, yale ambayo bila gari huendi. Februari 2018 ikaingia mikononi mwa wafilisi, karibu watu 3,000 wakapoteza kazi, maduka yakafungwa yote kabla ya Mei.

Lakini sikiliza hili, linaunga mkono hoja yako. Mwaka huohuo wa 2018 kampuni ya Kiayalandi, Smyths, iliyoanza kwa duka moja huko Mayo, ikanunua maduka ya Toys "R" Us ya Ujerumani, Austria na Uswisi, zaidi ya 90. Ni maduka makubwa vilevile, ya vitu vya kuchezea vilevile, katika dunia hiihii yenye Amazon. Ukienda Smyths Jumamosi ya Desemba huku kwetu, sehemu ya kuegesha gari hupati. Mtandaoni unaangalia kama mzigo upo duka lako, unalipia, unapita kuuchukua. Mtandao wao unampeleka mtu dukani. The Entertainer, mnyororo mwingine wa maduka ya vitu vya kuchezea, nao wapo, na siku hizi ndio wanaoendesha rafu za vitu vya kuchezea ndani ya supamaketi za Tesco. Hamleys, duka la vitu vya kuchezea la tangu 1760, bado ipo Regent Street, London, sasa mwenye nayo ni kampuni ya Reliance ya India. Kwa hiyo anayesema zama za duka kubwa la vitu vya watoto zimekwisha, aje kwanza huku.

Bahari ya Dubai

Na huku Imarati Toys "R" Us ipo hai, inaendeshwa na kampuni ya hapa, Al-Futtaim, kwa leseni. Nadhani siri ni hali ya hewa na desturi. Miezi ya joto familia nzima inahamia kwenye maduka makubwa jioni, watu hawaendi kununua tu, wanakwenda kutembea. Duka la watoto linakuwa kituo kimoja cha matembezi. Wazanzibari na Wamombasa tunaoishi huku tukikaribia kurudi nyumbani tunapita humo na orodha za wapwa. Mtandaoni ningepata rahisi zaidi, ila mpwa wa miaka minne huwezi kumjua anapenda nini kwa kusoma maelezo. Unakishika kitu, unakipima kama kitavumilia safari na ndugu zake sita.

Mchambuzi Huru

Nasoma kwa makini, ila nyote mnaisikitikia kampuni ambayo nayo ilikuwa mbabe. Miaka ya themanini na tisini ilipokuwa inafungua maduka kila kona, ni wangapi waliokufa chini yake? Child World, mnyororo mkubwa, ulikwisha mwaka 1992. Kiddie City ya Lionel ukakwisha mwaka uliofuata. Bado hujahesabu vile viduka vya mtaani ambavyo mwenyewe alimjua kila mtoto kwa jina. Toys "R" Us walikuwa wanauza nepi bila faida ili kumvuta mzazi. Walmart akawafanyia walichokuwa wakiwafanyia wenzao. Na Japani, si wewe mwenyewe umesema sheria ya kuwalinda wadogo ililegezwa ili waingie?

Mpingo Mkavu (mleta mada)

Mkuu, hiyo ni hoja nzito, naipokea yote. Haikuwa kampuni ya malaika. Tena Walmart na wao hawakuanza na mkubwa: vita ya bei ya Krismasi ya 2003 ndiyo iliyowasukuma FAO na KB Toys kufilisika. KB, ambao maduka yao yalikuwa ndani ya kila jengo la biashara Marekani, nao walikuwa wamenunuliwa na Bain Capital mwaka 2000. Wakafa kabisa kuanzia Desemba 2008. Jina la Bain linajirudia, na sidhani tulipite hivihivi.

Lakini kuna tofauti ninayotaka tuione. Child World walishindwa na mwenye bei nzuri na mzigo mwingi, mteja akaamua kwa miguu yake. Toys "R" Us ya 2017 wateja walikuwa bado wanaingia, mauzo yalikuwa ya zaidi ya dola bilioni 11 kwa mwaka. Hiyo ni biashara ambayo bado ina watu.

Na mimi siililii kampuni. Nawalilia wafanyakazi. Watu zaidi ya 30,000 waliachishwa, wengine wametumikia miaka ishirini na zaidi, wakaambiwa hakuna kiinua mgongo. Hakuna hata senti. Wakati Desemba 2017 mahakama iliruhusu wakubwa wa kampuni walipwe bonasi za mamilioni ya dola wakifikisha malengo. Nilipita duka moja hapa New Jersey wiki za mwisho. Bidhaa zilikuwa zimekwisha, wakawa wanauza rafu zenyewe, ngazi, viti vya chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, kila kimoja kimebandikwa karatasi ya bei. Mama mmoja mwenye sare ya duka alikuwa anabandika bei kwenye kiti ambacho bila shaka alikikalia miaka akila chakula chake cha mchana. Alikuwa anawahudumia watu kwa upole uleule.

Binti Makunduchi

Dah. Hao wafanyakazi waliishia hivyohivyo?

Mpingo Mkavu (mleta mada)

Hapana dada, na hii sehemu ningependa isambae kuliko zote. Walijipanga. Wakaandamana mbele ya ofisi za wenye fedha, wakaenda mpaka kwa wabunge, wakaenda kwenye mifuko ya pensheni ya walimu na watumishi wa serikali, ambayo ndiyo inayowapa KKR na wenzao fedha za kuzungusha, wakawauliza: mnajua fedha zenu zimefanya nini? Novemba 2018 KKR na Bain wakatoa mfuko wa dola milioni 20. Ukigawa kwa watu wale ni kidogo, lakini kisheria hawakudaiwa hata hiyo.

Kisha Januari 2020 gavana wa New Jersey, Phil Murphy, akasaini sheria: mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi akipunguza watu kwa wingi, lazima alipe mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka wa utumishi. Jimbo la kwanza Marekani kulazimisha hivyo. Ilichelewa kuanza kutumika mpaka Aprili 2023, ila ipo. Ilizaliwa na wauza midoli.

Mzee Kontena

Marahaba mwanangu, na nimeelimika. Sasa nishauri na mimi. Kijana wangu ananisukuma tukope benki tufungue duka kubwa la ghorofa mbili Dodoma, lenye sehemu ya kuchezea watoto. Kwa haya uliyoandika niachane nalo?

Mpingo Mkavu (mleta mada)

Mzee wangu, mimi si mtu wa benki, nasema ninachokiona. Sehemu ya watoto kuchezea ni wazo zuri, hicho ndicho yule wa Instagram hana. Zanzibar sikukuu ya Idi, watoto wanapomiminika viwanja vya sikukuu na vijisenti vyao vya mkono wa Idi, kuna mtoto anayetaka kununuliwa kwa simu? Anataka achague mwenyewe, abadilishe mawazo mara tatu, muuzaji amkasirikie. Mkiwapa hilo, watakuja.

Ila anzeni na fremu moja, kwa mzigo mlionao. Toa boksi moja la kila aina, lifungue, liwe la kujaribia, mengine yafungwe, ili betri zako zisiishe. Weka namba ya simu na bei waziwazi kwenye kurasa zenu za mtandaoni, mama aliyepiga picha boksi akifika nyumbani akute na wewe upo humo, na bodaboda wako yupo tayari. Na huo mkopo, kaa na kijana na kalamu, mpige hesabu ya marejesho kwa mwezi mbaya kuliko yote, Februari baada ya ada za shule, si kwa Desemba. Kama Februari hailipi, basi ghorofa ya pili isubiri.

Mzee Kontena

Februari huwa nauza madaftari kuliko midoli. Nitakaa naye Jumapili.